Firigisi ya Baba

Vitalis,

Ile ti-ti-ti umesikia gizani ni miwani mpya ya Baba, ile inayomwambia kilicho mbele yake, ikilia chaji. Nimeichomeka. Uji uko kwa thamosi.

Jana mezani miwani ilimwambia, "Mtoto anakula firigisi." Tangu macho yake yaishe, firigisi yake, haki ya mzee wa boma, nampa Edith, nasingizia paka wa jirani. Baba akasukuma sahani, akasema hatakula tena chakula cha mkono wangu.

~~Mwambie miwani ilikosea.~~ Hapana, usimdanganye. Nimeenda Malaba kutafuta kuku. Baba, kama miwani inakusomea hii, nisamehe. Nilidhani kutoona ni kutojua.

Mama Edith

Nimerudi kuongeza: nikitoka, Edith amesimama mlangoni kwa babu yake, anasema, "Kuka, mimi sikujua ni yako."