Ng'ombe wa Mgogo Mtandaoni

Gongoni, Tabora. Jumanne, Novemba.

Mawingu yamekusanyika juu ya mji tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Joto limekaa chumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Nimerudi nyumbani kutoka kazini mapema kuliko kawaida yangu, nimevua viatu mlangoni, na kwa muda mrefu nimekaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuwasha hata feni.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi nyingi. Huo naujua na ninauheshimu. Huu ni uchovu wa mtu aliyejituma sana mahali ambapo hakutumwa.

Kwa wanaosoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: ninaitwa Kalunde, mhitimu wa shahada ya sayansi ya kompyuta, na ninatengeneza tovuti katika ofisi ya Bi. Zuhura. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Zamani palikuwa pa kutoa nakala na kuchapa barua, na mashine ya nakala bado ipo, bado inaleta wateja wengi kuliko mimi. Nipo katika kipindi cha majaribio kinachokwisha mwezi huu. Bi. Zuhura aliniambia waziwazi tangu mwanzo: nikiifikisha salama tovuti ya nyumba ya wageni ya Mzee Ndahani, ananiajiri rasmi. Hilo tu. Hakuomba maajabu.

Mimi ndiye niliyetaka maajabu.

Nina udhaifu ambao nimekuwa nikiuita bidii. Kila inapotoka zana mpya ya kujengea tovuti, moyo wangu hudunda. Nitaisoma kwenye foleni ya benki, nitaisoma nikila, nitawaeleza watu ambao hawakuniuliza. Jumamosi nilikuwa na moja iliyoniteka kabisa. Zana hii huandaa kurasa zote mapema, zikawa kama chakula kilichokwisha kupakuliwa. Msomaji akifika, anakuta sahani mezani. Ile ya zamani huanza kuwasha moto mgeni akiwa ameshakaa. Tovuti ya Mzee Ndahani ilikuwa tayari, imekubaliwa, inafanya kazi. Nikaihamisha yote kwenye zana mpya, peke yangu, ofisi ikiwa tupu.

Ilifunguka kufumba na kufumbua. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaufunga, nikaufungua tena, kwa raha tu ya kuuona ukitokea. Nilijipigia makofi. Jumapili nilikwenda misani na moyo mweupe.

Hapa inanipasa nieleze jambo ambalo watu wa huku wanalijua bila kuelezwa. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu walipobeba mizigo kwenda na kurudi pwani, njia ilikatiza Ugogo, nchi kavu, na Wagogo wenye visima waliwatoza hongo ya njia kabla ya kuwapa maji. Wakazoeana kwa kugombana, na ugomvi ukageuka utani ambao tumerithi sisi wajukuu. Mtani akikutukana, hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa.

Mzee Ndahani ni Mgogo aliyehamia Tabora akiwa kijana. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, aliitikia, "Marahaba, mpagazi wangu. Mzigo wa leo si meno ya tembo, ni tovuti. Utaweza?" Tangu siku hiyo hatukuzungumza kwa namna nyingine.

Sasa basi. Mtengeneza tovuti anapopanga ukurasa ambao mwenyewe hajaleta maneno yake, huujaza maneno ya muda ili aone umbo lake. Wenzangu hutumia maneno ya Kilatini yasiyo na maana. Mimi nilijaza utani. Ukurasa wa "Chakula kwa Vikundi" ulikuwa unasubiri Mzee anipe orodha ya vyakula, nami nikaandika:

"Vikundi vyote vinakaribishwa. Nyama haipo. Mwenyeji wenu ni Mgogo, na Mgogo hachinji ng'ombe. Humwomba afe mwenyewe. Mlenda upo asubuhi, mchana na jioni. Maji ya kuoga hutolewa kwa kijiko."

Nikaubandika alama ya rasimu, ukafichika, nikausahau.

Zana mpya haikuijua alama ile ya rasimu. Iliandaa kila ilichokikuta jikoni na kukitandaza mezani.

Jumatatu asubuhi, Mama Subilaga, katibu wa kwaya moja ya Mbeya, alifungua tovuti hiyo. Kwaya yake inakuja Tabora Ijumaa ya wiki ijayo kwa tamasha, na Mzee Ndahani amewawekea nyumba nzima, akawakatalia wageni wengine. Kwa kuwa wao ni kikundi, mama huyu alikwenda moja kwa moja kwenye chakula cha vikundi. Alisoma. Kisha akampigia Mzee simu na kumwuliza kwa adabu kubwa kama wanakwaya wanaruhusiwa kuja na nyama yao wenyewe kwenye basi.

Mzee hakuelewa. Alimwuliza, "Nyama ya nini tena, mama?" Naye akamsomea ukurasa wote, pamoja na kijiko.

Kamati ya kwaya iliingiwa na hofu kwamba nyumba hiyo ina maadui, kwamba kuna mtu ameivamia tovuti kumchafua mwenyeji kwa kabila lake. Ikaamua kukutana leo saa kumi jioni kuangalia kama watafute pengine.

Nilijua haya yote jana kwa kuitwa na Bi. Zuhura chumba cha pili. Hakupandisha sauti. Alitia miwani, akasoma ukurasa wangu kwenye simu yake tangu mwanzo hadi mwisho, akaivua.

"Kalunde, mteja wangu alikulalamikia kwamba tovuti inachelewa?"

"Hapana, Bi. Zuhura."

"Mimi nilikulalamikia?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unamkimbilia nani, mwanangu?"

Nilikuwa na maelezo marefu kuhusu kasi, kuhusu mitandao hafifu ya wageni walio njiani, kuhusu mustakabali wa teknolojia. Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Niliirudisha tovuti ya zamani jana hiyohiyo. Lakini maneno yaliyosomwa hayarudi.

Leo asubuhi Mzee Ndahani alikuja mwenyewe. Nilisikia fimbo yake ikigonga ngazi. Nilisimama kumwamkia. Hakuitikia. Alikwenda akaketi kwenye kiti changu, akaigeuza kompyuta yangu ikatazama ukuta, kisha akainyoosha fimbo kuziba mlango.

"Leo hapa ni Ugogo," alitangaza. "Hapiti mtu."

Kulikuwa na dada aliyekuja kutoa nakala za vyeti. Fundi cherehani wa chini, Hamisi, alikuwa amepanda kuchenji noti. Wote wawili wakajikuta mateka.

"Mzee wangu, mimi Mmanyema," alilalamika Hamisi. "Mnanifungia kwa ugomvi upi?"

"Mlaumu huyu Mnyamwezi. Babu zake walipita nchini kwetu, wakalipa hongo, wakanywa maji, wakaenda zao. Yeye kapita na ng'ombe wangu, kawatangazia dunia nzima kwamba nawaombea kifo, na hongo hajalipa!"

Nilielewa hapo kwamba ananishtaki kwa utani. Desturi ikanikumbusha kwamba si wakati wa kulia. Mtani akikushtaki, unajitetea.

"Babu zangu walilipia maji, mtani," nilimjibu. "Wewe maji yako yako wapi?"

"Kwenye kijiko! Si umeandika mwenyewe?"

Hamisi alicheka mpaka akashika mashine ya nakala. Dada wa vyeti alisahau vyeti. Nilihukumiwa jogoo mmoja, mwekundu, asiye kilema, na adhabu ya papo hapo: kubeba mfuko wa Mzee kichwani mpaka barabarani, mbele ya maduka. Niliubeba. Ulikuwa na kitabu cha nyimbo na sabuni za wageni. Hamisi alitutangulia akipiga miluzi, na mama wa vitambaa akatoka dukani kupiga vigelegele bila kujua vya nini.

Bi. Zuhura peke yake hakucheka.

Barabarani Mzee aliupokea mfuko wake na sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mimi nilikusamehe palepale niliposomewa. Nilicheka mpaka mke wangu akadhani naumwa. Lakini utani ni wa mimi na wewe. Yule mama wa Mbeya hatukumkuta njiani."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimeshakusamehe, nimesema. Watu nimewakatalia kwa ajili ya kwaya hii. Mpigie wewe. Nikimpigia mimi, atadhani najitetea."

Nilirudi juu nikaandika hotuba. Nakiri kwamba ilikuwa nzuri. Ilianza kwa "kwa heshima na taadhima", ikapita kwenye "hitilafu ya kiufundi", ikaishia kwenye "tunathamini imani yenu". Niliifanyia mazoezi kwa sauti ndogo, nikiigeukia mashine ya nakala kana kwamba ndiyo kamati. Halafu nikapiga.

"Haloo, Mama Subilaga anaongea."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nilimwambia jina langu na kwamba mimi ndiye niliyeyaandika maneno yale. Si mvamizi, si adui, si hitilafu. Mimi. Nilimweleza kwamba mimi ni Mnyamwezi na Mzee Ndahani ni mtani wangu, kwamba niliyaandika kama mtu anavyochora pembeni mwa daftari, nikayasahau, na kisha kwa kiherehere cha kuonyesha ujuzi wangu nikayafungulia mlango. Nilimwambia nyama ipo. Maji yapo, na bomba limo katika kila chumba. Nilimwambia kwamba kama wanataka kulala pengine, walale pengine kwa kosa langu, si kwa kumdhania vibaya mzee yule.

Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, na kinanda kikijaribiwa.

"Kwa hiyo wewe ndiye Mnyamwezi mwenyewe?"

"Ndimi, mama."

"Na huyo Mgogo alipojua, alikufanya nini?"

Nikamweleza habari ya fimbo mlangoni. Habari ya mfuko kichwani. Habari ya jogoo. Aliniambia ningoje. Nilimsikia akiwasimulia wenzake, akakosea, akawaambia nilimbeba Mzee mwenyewe, na chumba kizima kikalipuka. Sikumsahihisha.

Alirudi kwenye simu akihema. "Sikiliza, mwanangu. Kamati inakaa saa kumi. Mimi ni katibu tu, siwezi kuisemea."

"Naelewa, mama."

Muda wa kungoja nilikaa na tovuti ya zamani mbele yangu. Kwa mara ya kwanza niliifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, wote, hata ule wa namna ya kufika kutoka stesheni, na nikasoma kila neno. Ni nzito, naam. Inajikongoja. Nilikuta kosa la herufi kwenye jina la mtaa, ambalo kasi yote ya dunia isingelirekebisha.

Simu ililia wakati Bi. Zuhura anafunga madirisha. Niliweka sauti ya nje ili naye asikie.

"Kalunde? Mwambie Mgogo wenu tunakuja," alisema Mama Subilaga. "Lakini sisi wa Mbeya tunakula. Mwambie aanze leo kumwomba ng'ombe mmoja, mpaka Ijumaa awe amekubali."

Ndipo Bi. Zuhura akacheka. Alicheka kidogo, kwa pua, akaendelea kufunga madirisha. Nilidhani kicheko kile kilikuwa barua yangu ya ajira.

Haikuwa.

"Majaribio yako yanaendelea mpaka kwaya iondoke salama," aliniambia akitafuta funguo. "Ukihamisha kitu, uniulize. Hata kiti."

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwezi mzima kumwandikia mama yangu kule Goweko kwamba mwanawe ameajiriwa. Nikampigia hata hivyo, nikiwa njiani, na nilichomwambia ni kwamba ninahitaji jogoo mwekundu asiye kilema. Hakuuliza kazi imeendaje. Aliuliza, "Umemkosea mtani yupi, Mgogo au Mzaramo?" Nilipomjibu alisema hana jogoo mwekundu, wa kwake wote ni weupe, nitafute sokoni.

Sasa adhana ya magharibi inasikika kutoka upande wa msikiti, na mvua bado inatudanganya. Mzee Ndahani alinitumia orodha ya vyakula baada ya kupata habari, na nimeiweka kwenye ule ukurasa kwa ruhusa ya Bi. Zuhura. Mstari wa kwanza unasema: "Nyama ya ng'ombe ipo." Nimeusoma kwa sauti, peke yangu. Ni sentensi kavu kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo pekee wiki hii ambayo mtu aliniomba.

Nilikuwa nakaribia kuizima kompyuta lilipofika tangazo. Ile zana mpya imetoa toleo jingine. Sasa inazitambua rasimu.

Moyo umedunda. Sitakuficha, umedunda.

Nimesoma mpaka katikati, nikalifunga. Kesho nina jogoo wa kutafuta.