Baba, Funika Lenzi Kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naiandika wazi, asomaye asome, kwa sababu sijui uko machimbo gani. Kijana wa bodaboda aliyeleta ujumbe wako alisema umeshahama tena. Labda mtu anayekufahamu ataiona, akuoneshe.

Hapa Genkuru hatujambo, na mvua imekaribia. Mama amesikia kwamba unataka auze wale ng'ombe wawili wa kulimia ili uchimbe duara jipya, shimo jingine la dhahabu. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Mnada ni Jumamosi," akaenda kuwanywesha maji. Kwa hiyo naomba barua hii ikufikie kabla ya Jumamosi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda harusini, mimi nikikubebea stendi ya kamera? Ulikuwa unawaambia maharusi, "Simameni kama mko mbele ya padri, lakini chekeni kama mmeshatoka." Na ile nukta nyeusi unaikumbuka? Katika kila picha ilikaa mahali pale pale, kushoto, juu kidogo ya katikati. Bibi harusi mmoja wa Tarime aliikuta shavuni mwake, akaja juu.

"Mpiga picha, kipele hiki umekitoa wapi? Mimi sina kipele!"

"Samahani dada," ukamjibu, "hicho ni cha kamera, si chako."

Tangu siku hiyo ukawa unawasogeza watu kidogo, ili nukta ile iangukie kwenye suti nyeusi ya bwana harusi.

Kisha nikakuomba picha ya malori. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuambia kwamba kamera ikiachwa wazi kwa muda mrefu, taa za gari hujichora mstari. Jioni ile, giza lilipoanza kuingia, ulisimamisha stendi nyuma ya nyumba, ukaielekeza kamera kwenye kilima kinachopitiwa na malori ya mgodini. Ulinishika mkono nisije nikaigusa. Picha ilipotokea, taa zilikuwa kama shanga zilizotungwa, nami nikapiga makofi. Mzee Chacha, jirani yetu, ndiye aliyeona nukta tatu zinazong'aa ubavuni mwa kilima, akakuita.

"Marwa! Kilima chako kinawaka! Dhahabu hujionesha hivyo giza likiingia."

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Dhahabu gani hiyo iliyokaa kama mafiga? Basi injikeni sufuria."

Tulicheka wote, hata wewe. Lakini asubuhi ulichukua sururu. Sikulaumu, Baba. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeokota kitu, na nani angependa kuwa wa mwisho? Kilima hakikutoa chochote. Ukaenda machimbo mengine na kamera yako, ukarudi na picha uliyoisafisha Tarime: kilima kingine, jioni nyingine, na nukta tatu. "Mnaona?" ulisema. "Bado inaniita." Ukaondoka tena.

Juzi, baada ya ujumbe wako, nilizitoa picha hizo mbili nikuone hata kwa kazi ya mkono wako. Nilizishika pamoja dirishani, moja juu ya nyingine, jua likapenya. Vilima vilipishana kabisa. Mafiga yalikaa juu ya mafiga.

Nilizipeleka shuleni. Mwalimu alinieleza kwamba ndani ya kamera kuna kibao kidogo kinachopokea mwanga, na kibao hicho kina vijicho vingi mno, vinavyoitwa pikseli. Vingine vimekufa, havioni kitu; ndiyo ile nukta nyeusi. Vingine ni vya moto: kamera ikiachwa wazi muda mrefu na kupata joto, vinaona mwanga hata pasipo na mwanga. Kwenye picha ya haraka ya harusini havionekani. Kwenye picha ya jioni, vinawaka. Vitawaka kwenye kila kilima utakachokielekezea kamera.

Nimelifikiria sana jambo hili. Ile nukta nyeusi tulijua mapema kwamba ni ya kamera, kwa sababu ilituharibia kazi. Zile zinazong'aa tulisema ni za kilima, kwa sababu tulizitaka. Hata mimi nilizitaka, Baba. Nilishachagua shule ya bweni ambayo dhahabu ingenilipia.

Usiniamini mimi kwa kuwa nasoma. Jaribu mwenyewe. Jioni, weka kamera juu ya jiwe, funika lenzi kwa kifuniko chake, kisha iache wazi kama ulivyofanya siku ile ya malori. Usiielekeze popote. Ukiona giza tupu, nitanyamaza, na Mama atafanya unavyotaka.

Kamera yetu haijaharibika. Mwalimu anasema kuna kamera nyingi za namna hiyo, na wenye nazo huzijua tu tabia zao. Mahafali yetu yanakuja na bado hatuna mpiga picha. Nimewaambia wenzangu nitamleta wa kwangu, anayejua watu wasimame wapi.

Ng'ombe bado wako zizini, nami nimemwomba Mama angoje hadi Jumamosi asubuhi. Ukiyakuta yale mafiga ndani ya kifuniko, usiyafuate tena. Ya kwetu yapo jikoni, na Mama huyawasha kila jioni.

Akungojaye na stendi begani,
binti yako, Bhoke