Mpwa Wangu, Baiskeli Bila Magurudumu ni Baiskeli

Mpwa wangu Wandera,

Bila mimi mpaka huu wa Busia ungekuwa umefungwa. Usicheke huko uliko. Tangu Jumuiya ya nchi zetu tatu ivunjike mwaka jana, karatasi za forodha zimekuwa nyingi kuliko mizigo yenyewe, madereva wa lori wanakaa hapa siku tatu, na hakuna anayevuka bila kuniuliza kwanza mimi mjomba wako. Hata afisa mkubwa wa forodha wa Malaba alituma mtu aje aniulize habari za mikeka. Alikaribia kutuma.

Nianze na lililo kubwa. Tulipokuzika, mwenye nyumba wa mtaa wetu wa Burumba alisema kile chumba chako cha kazi, ulimokuwa ukiwapigia madereva taipu karatasi za forodha, atatuachia, mradi aingie mtu wa ukoo mwenye leseni ya uwakala wa forodha. La sivyo atampa mwuza sabuni na chumvi. Mama yako aliinama akaifuta ile taipu yako kwa leso yake, herufi moja moja, mpaka nikasikia mdomo wangu unasema, "Dada, mtihani wa leseni nitaufanya mimi." Mimi wa darasa la nne! Lakini darasa la nne la wakati wa mkoloni, ambalo ni kama la kumi la siku hizi.

Basi nikachukua kitabu chako cha sheria za forodha, kile ulichokuwa ukijiandalia mtihani huo huo. Unajua kwetu mpwa ndiye huingia kwa mjomba akakamata kuku bila kuomba, na wewe majogoo wangu uliwamaliza. Lakini mjomba kuchukua cha mpwa, hilo sijawahi kulisikia. Nilikibeba nikitazama nyuma.

Kiingereza chake ni kigumu kama kichwa cha kambare. Bahati uliandika Kiswahili pembeni kwa penseli, zile herufi zako za kubanana. Nikawa nakusoma wewe, sikisomi kitabu. Ukurasa mmoja uliandika, "Hii mjomba ataielewa." Sikuielewa siku nne. Ilikuwa ile sheria ya kitu kisichokamilika: baiskeli ukiitoa magurudumu na kiti, hata ukiifungua vipande vipande, kwa forodha bado ni baiskeli, na ushuru wake ni wa baiskeli.

Nikakaa chini. Mimi niliyevusha baiskeli kumi na mbili kwenda ng'ambo, fremu Jumatatu, magurudumu Jumatano, nikiwaambia askari ni vyuma vya kutengeneza boma la ng'ombe! (Wewe ulizoea kusema ilikuwa moja.) Kumbe wenye sheria walishaniona kabla sijazaliwa.

Neno hilo lilinishika wiki nzima. Koti lako ninalo mimi. Viatu alipewa mdogo wako. Saa anaivaa mama yako ingawa imesimama. Sasa, ikiwa baiskeli iliyotawanywa bado ni baiskeli, na wewe je? Kitabu hakisemi. Nimetafuta mpaka kwenye orodha ya mwisho.

Tangu hapo siwezi kuona kitu nisikiulize ni cha fungu gani la ushuru. Ndoo iliyotoboka ni ndoo, au ni bati? Nilikwenda kule ziwani, bandari ya Sio Port, kwa sababu kitabu kinasema samaki wa kuliwa na watu ana fungu lake, na wa kulisha kuku ana lingine. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani, hizi zake ni za watu au za kuku. Hakuinua hata kichwa. "Mzee," akasema, "inategemea nani ataona njaa kwanza." Jibu lake nimeliandika chini ya maandishi yako ya penseli. Mbona hukuniambia kazi yako ina utamu hivi? Mimi nilidhani ni kugonga mihuri tu.

Siku ya mtihani, Kisumu, tulikuwa kama thelathini, wengine wote vijana wa tai shingoni. Msimamizi akanijia kwa heshima, "Mzee, wazazi wanasubiri nje." Nikamwonyesha risiti yangu ya mtihani, akanivutia kiti mwenyewe. Swali la tatu, baiskeli. Wandera, nilitaka kusimama niimbe.

Majibu yalikuja Ijumaa. Posta walimpa mama yako barua yenye jina lako. Aliileta kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji, akaniuliza, "Kaka, ni nani anamwandikia mtoto wangu?"

Nikaifungua. Wandera amefaulu. Barua yangu haikuwepo.

Nimewaambia watu wa Burumba kwamba serikali imekukumbuka, imeona si vizuri kijana aliyesoma hivyo akose cheti. Wameamini. Mchungaji ameisoma kanisani. Mama yako ameiweka ndani ya Biblia, na siku hizi anakula. Mwenye nyumba peke yake ndiye aliyekuna kichwa, akasema leseni ya marehemu haivushi lori. Amenipa mpaka mtihani wa Juni.

Pumzika, mpwa wangu. Juni nitarudi Kisumu, na chumba chako hakitanuka sabuni ya mtu. Nakuahidi hivyo mbele ya Mungu, na ahadi zangu unazijua, au tuseme hii utaijua.

Lakini wewe nisikufiche. Serikali haikukosea. Nilijifunza kwa kunakili karatasi zako za mazoezi, mara kwa mara, kuanzia mstari wa juu kabisa, na siku ile mkono ukaandika ulichozoea. Nililiona jina lako na anwani yako pale juu kabla ya kengele kulia. Ningeweza kuomba karatasi nyingine. Ila wale vijana wa tai walikuwa wananitazama, nami niliona aibu kusema kwamba nimekosea jina langu mwenyewe.

Mjomba wako,
Ojiambo