Kiti cha Pili Bafuni

Mpendwa Mshauri,

Nadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote, kwamba nyumba ya kale inapokarabatiwa, bafu ndicho chumba chenye haki kubwa zaidi ya kuachiwa sura yake, kwa sababu sebuleni watu hukaa wamevaa nguo na heshima za kuazima, bafuni huvua vyote viwili. Kwa hiyo anayebandika vigae vinavyong'aa juu ya ukuta wa chokaa uliopumua tangu enzi za mababu hajakarabati, amezika. Naanza na dai kwa makusudi, usije ukanihesabu miongoni mwa wanaokuandikia wakilia kwanza na kufikiri baadaye. Mimi ni mhitimu wa usanifu majengo, nimesoma hata vitabu ambavyo hakuna aliyenitaka nivisome, na msaada ninaouomba ni wa hukumu, si wa faraja.

Nyumba ni ya bibi mzaa mama. Mama alinikabidhi ukarabati ili bibi, aliyepooza mkono wa kulia kwa kiharusi, amalizie uzee wake pale alipoolewa, nami nikaanzia bafuni: nikaficha mabomba chini ya sakafu, nikaliacha dirisha dogo la juu limwage mwanga wake mwembamba juu ya birika la mawe la maji ya kuogea, na kwa kufuata kanuni ya kazi yetu, kwamba kilichoongezwa baadaye huondolewa ili cha asili kionekane, nikaamuru bonge la saruji lililokuwa upande wa pili wa birika libanduliwe. Fundi mwashi aligonga kidogo, akasita.

"Bosi, saruji hii haikupigwa kuzuia maji. Ona alama za vidole. Mtu hakungoja hata mwiko."

Nikamjibu kwamba haraka ya mtu wa kale, yeyote aliyekuwa, si hoja ya kiufundi.

"Haya, msomi. Nyumba yenu, nyundo yangu."

Akabandua, na chini yake kikatokea kiti cha jiwe, pacha wa kile anachokalia bibi, vikitazamana, kimelika katikati kwa kukaliwa. Nilikipiga picha kwa furaha.

Tangu hapo bibi anatoka bafuni amesuguliwa mgongo.

Nifafanue, maana najua utatafuta sababu ya kawaida kama nilivyoitafuta mimi: mkono wake wa kulia haunyanyuki, wa kushoto haufiki begani, mlango anaufunga kwa komeo la ndani kwa sababu hataki kuogeshwa kama mtoto, na bado mgongo wake hutoka umepitiwa na dodoki sawasawa hadi kati ya mabega, na mtu akisimama ukumbini husikia maji yakichotwa kwa mikono miwili tofauti, mmoja mzito, mmoja mwepesi. Nilipiga hodi.

"Bibi, unazungumza na nani?"

"Mume wangu, unagonga mlango wake zako wakiwa bafuni? Huna haya?"

"Wake zangu? Kwani mko wangapi humo?"

"Mwenzangu anakuulizia. Anasema, kumbe umekua."

Utani wa bibi na mjukuu naujua tangu utotoni, Mshauri, lakini huu haukunichekesha. Nilimsimulia mama, akakaa chini, ndipo akanieleza kwamba babu alikuwa na mke mwingine, mke mwenza wa bibi, kwamba wawili hao walikuwa wakioga pamoja na kusuguana migongo wakicheka hadi barabarani wakasikika, kwamba yule alifariki angali kijana, na kwamba babu alitoka makaburini akaenda moja kwa moja kukifunika kile kiti, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Sasa bibi anakaa bafuni muda mrefu zaidi kila siku, anakula kidogo zaidi, na anapotoka hututazama kama wageni waliochelewa kuaga. Juzi alikataa kutoka kabisa. Mama alisukuma mlango hadi komeo likang'oka, nami nikiwa nyuma yake, tukamkuta bibi amekiinamia kiti cha pili, na ule mkono uliokufa uko juu, unapanda na kushuka hewani, taratibu, kama wa mtu anayemsugua mwenzake. Mama alipiga kelele. Mkono ukaanguka, na haujainuka tena.

"Lete nyundo," mama akasema. "Vunja kitu hicho kabla hakijamchukua mama yangu."

"Kivunjeni," bibi akajibu. "Sitaoga wala sitakula. Mtaniosha wenyewe siku ya kunizika."

Bado nashikilia kwamba hofu si sababu ya kubomoa jiwe. Lakini sitaki kumpoteza bibi yangu, na nyundo iko mezani. Mama na mimi tumeafikiana jambo moja tu, kwamba neno lako ndilo litakalofuatwa. Nijibu hapa gazetini, mama naye asome.

Mhitimu

* * *

Mhitimu,

Pole. Pole nyingi zaidi kwa mama yako, anayevutana na wawili.

Sasa nikuseme. Ulitaka bafu lenye haiba, umelipata, unatetemeka. Bibi mwenye mkono mmoja anaoga peke yake kwenye sakafu yenye maji, nyuma ya komeo, na mjukuu wake msomi yuko ukumbini anasikiliza maji yakichotwa! Unasema hataki kuogeshwa. Kweli hataki. Kusuguliwa mgongo je? Anayeogeshwa ni mtoto; anayesuguliwa mgongo ana mwenzake. Katika nyumba nzima, ni nani mwingine aliyejitolea kuwa mwenzake?

Aliyemo humo simjui, wala sitajifanya namjua. Lakini anakuja kwa sababu ameachiwa nafasi.

Kiti msikivunje. Msikifunike tena, babu yako alikifunika, na umeona kilivyongoja. Komeo lisirudi mlangoni. Funga mshikio wa chuma ukutani leo hii, na kama uzuri wa chokaa utaharibika, uharibike. Kisha mama yako achukue dodoki, aingie, akae yeye kwenye kiti cha pili, kila bibi anapooga, hata siku ya homa. Asiombe ruhusa. Aseme, "Mama, zamu yangu," amsugue, halafu ageuke naye ampe mgongo, hata kama mkono utakaomgusa ni ule dhaifu wa kushoto. Bibi akiguna, mwacheni agune. Kiti kilichokaliwa hakimkaribishi mwingine.

Wewe baki nje, na safari hii usibishane na mtu.

Mkishafanya hivyo, niandikie hapa hapa, mbele ya wasomaji wote, bila nadharia, unijibu swali moja: mama yako alipokaa, jiwe lilikuwa baridi, au lilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuinuka?