Niliandika "Price" kwenye Ngao ya Mchumba Wangu

Shangazi Erina mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wazee wangu wanakwenda kwa kina Achai kuposa na Achai mwenyewe amesema wasije. Mimi nimekulia Kenya, nimesoma huko hadi chuo, na hapa ofisini kwetu, mtaa wa Hai Amarat, kila barua ya Kiingereza lazima ipitie kwangu, kwa hiyo tulipoandaa tuzo za wafanyakazi nikapewa kazi ya kushughulikia ngao, na mshindi wa kwanza ni Achai, nikafurahi mara mbili, nikaenda sokoni Malakia kwa Nakato, yule Mganda anayechonga maandishi, nikakuta ameshaandika kwenye karatasi "First Prize" kwa Z, nikamwambia mbele ya wateja wake, "Dada, hiyo Kiingereza ni ya wapi? Weka C," akasema, "Boss, hapa inakaa Z," nikamwambia sikurudi nyumbani kuja kufundishwa spelingi dukani, basi akanisogezea ile karatasi akasema, "Sawa, mwalimu. Weka sahihi," nikaweka.

Siku ya sherehe ngao ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Arkangelo, mjomba wake Achai, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "First Price, Achai," halafu akanigeukia, "Manyang, bei ya kwanza tumeiona. Ya pili unaleta lini, na ni ng'ombe au ni ngao tena?" Ukumbi mzima ukacheka, na sasa ofisini wanamwita Bei ya Kwanza. Achai amenirudishia ngao kwenye mfuko wa plastiki. Nimemwomba radhi, maalesh, mara tisa kwa simu, ya kumi hakupokea.

Lakini Shangazi, nimetafuta kwenye mtandao nikakuta price na prize zamani lilikuwa neno moja, kwa hiyo kihistoria sikukosea, na nimechapisha kurasa nne za ushahidi. Je, nimpelekee Achai kwanza au nianze na mjomba?

Manyang, Gurei

Manyang, usimpelekee mtu. Kurasa hizo fungia mandazi.

Mimi sikufika chuo. Kamusi yangu niliinunua sokoni bila jalada, inaanzia katikati ya B, lakini P zote zimo, na nimeifungua kwa ajili yako. Ni kweli. Kilatini walikuwa na pretium, yaani thamani ya kitu. Wafaransa wakalikatakata, Waingereza wakalichukua, wakalitumia hilohilo kwa bei na kwa tuzo, mpaka walipochoka wakaligawa: bei ikabaki na C, tuzo ikapewa Z, ili mtu kama wewe asichanganye. Walijitahidi, maskini. Ungechonga ngao yako miaka mia saba iliyopita, ungekuwa sawa. Mwaka huu aliye sawa ni Nakato.

Pole kwa kuchekwa. Ila waliokucheka watasahau. Anayeitwa Bei ya Kwanza kila asubuhi ni Achai, na wewe unamtafutia kurasa nne za kumthibitishia kwamba ni historia.

Kesho mchana nenda Malakia, wateja wakiwa wamejaa, umwambie Nakato, "Ulikuwa sahihi, nami nilikudharau." Useme kwa sauti ileile uliyomfundishia C. Mlipe achonge ngao mpya, na safari hii usiguse karatasi yake. Kisha nenda kwa Achai kwa miguu yako, uache simu.

Jambo moja limenisumbua. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta Achai alishinda kwa kazi gani. Nimeona ulikosomea, nimeona barua zinazopitia kwako, nimeona hata mfuko wa plastiki. Kazi yake sijaiona.

Kamusi yangu inasema lile neno la Kilatini lilizaa na la tatu, praise, yaani sifa. Bei ulishamwandikia. Tuzo Nakato ataitengeneza. Hiyo ya tatu hakuna fundi wa kukuchongea. Utaitamka mwenyewe mlangoni kwake, na kama ukifika hapo bado hujui alishinda kwa nini, waambie wazee wako Jumamosi wapumzike.