Aliyeandikwa Kuwa Amehama

Kwako Dada Tausi,

Salamu kwanza, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kuanza na shida kabla ya salamu ni tabia ya mdai. Hujambo huko? Baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Na mgongo wako, ule uliokuwa unakuuma kwa kuwanyanyua wazee wa watu? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, presha imeshuka, miguu haivimbi tena. Hiyo ni afya ya mwili. Hayo mengine nitayafikia, usinikimbize.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu wewe ni mwepesi wa kulia na mimi ni mwepesi wa kudanganya. Barua hii nimempa binti wa mshonaji, jirani yetu, ambaye naye anakuja huko kuanza kazi kama yako. Ni wa nne kuondoka mtaani kwetu tangu mwaka uanze. Shule ya pale kona imefunga madarasa mawili kwa kukosa watoto, na ukipita asubuhi barazani unakuta wazee watupu, kila mmoja na simu mapajani akingoja ilie.

Dada, nina wivu na wewe. Nimelizunguka neno hili miaka tisa, leo nimelitoa. Unaikumbuka ile picha uliyoitia ndani ya kifurushi cha blanketi? Umemkumbatia bibi mmoja wa huko, nywele nyeupe, umemchana vizuri, na nyuma umeandika kwamba anakuita mwanangu. Mama aliiweka kabatini mbele ya vikombe. Kila anayeingia lazima aonyeshwe jinsi Tausi anavyotunza watu. Anayeonyesha ni mama niliyetoka kumwogesha mimi, nikamkata kucha mimi, na nywele zake nimezichana mimi. Hakuna aliyewahi kutupiga picha.

Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Aliyesema hivyo hakuingia nyumbani kwetu. Hapa asiyekuwapo ana kiti mezani ambacho hakikaliwi, na kikombe kisichoguswa. Mama akipata nafuu, ni dawa alizotuma Tausi. Akianguka, swali ni mimi Kitinda nilikuwa wapi. Kile chuma cha kushikilia akitembea ulikilipia wewe, sikatai, lakini wewe hujawahi kutembea nyuma yake kutoka chumbani hadi msalani, hatua kwa hatua, huku maji yanachemkia jikoni. Roho iliniuma, nikawa natabasamu. Hayo ndiyo maisha niliyokuwa naishi mpaka juzijuzi; sasa sikia ya karani.

Alikuja wiki mbili zilizopita, mwanamke wa makamo mwenye miwani, kishikwambi mkononi. Alieleza kwamba ni karani wa takwimu, na kwamba nchi nyingi zimekubaliana kujipima, kila moja ieleze watu wake wanaishije, nani amehama, nani amebaki, na wazee wanatunzwa na nani. Akasema yote hayo yanaitwa maendeleo endelevu. Mama akamuuliza yanaendelea kuelekea wapi. Karani akacheka, akasema swali hilo halimo kwenye orodha yake.

Mama alitaka kujibu mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Akaulizwa nani wanaishi hapa. Akasema ni yeye na binti yake mkubwa, Tausi, ambaye alikuwa nje akarudi kumtunza. Akanielekezea kidole. Karani akauliza kama ana mtoto mwingine. Akasema yupo, Kitinda, kitinda mimba wake, amekwenda nje. Mwaka gani? Akautaja mwaka ulioondoka wewe, bila kukosea. Kwa sababu gani? Kazi. Anatuma nini nyumbani? Mama akafikiri kidogo, akasema Kitinda hatumi kitu, hata salamu.

Ndiyo hayo niliyosema nitayafikia. Ni miezi mitatu sasa ananiita kwa jina lako. Daktari wa zahanati alisema ni usahaulifu wa uzee, hautibiki, na utazidi. Kila ulipopiga nilikwambia mama amelala. Mara nyingi alikuwa amekaa pembeni yangu, akiniuliza naongea na nani.

Sasa karani alinigeukia akaniuliza kama maelezo ni sahihi. Hapo ndipo ilinipasa kufungua mdomo. Lakini dada, nilimtazama mama, naye alikuwa ananitazama kama anavyoitazama ile picha kabatini. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo. Nikasema ni sahihi.

Akaendelea. Akaniuliza kwa siku natumia saa ngapi kumtunza mzee bila malipo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, nikamwomba tuhesabu pamoja. Kuamsha, kuogesha, kupika, kulisha, dawa, kufua, kumtembeza, kumsikiliza. Zikafika saa kumi na moja. Karani akavua miwani akasema pole, akaziandika. Kwa jina lako. Kwa hiyo katika hesabu za nchi wewe unamtunza mama saa kumi na moja kila siku, na mimi ni mhamiaji nisiyetuma hata salamu. Alipoondoka niliingia jikoni nikacheka peke yangu, kisha sikujua tena kama ninacheka.

Na nisikufiche, nilifurahi. Siku kadhaa nilijiona nimeshinda. Mama alinisifia chakula kilekile alichokuwa anakilalamikia. Alinishukuru kwa blanketi. Alinikalisha kwenye kiti chako na kunimiminia chai kwenye kikombe chako. Niliinywa chai yote.

Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sikiliza na hili. Mwezi uliopita ulinipigia ukasema umepata likizo na tiketi umeshaiona, ukaniambia nimuulize mama. Nilikaa na simu muda mfupi, nikarudi nikakwambia mama anasema usipoteze fedha, ungoje mwaka ujao. Mama hakusema hivyo. Sikumuuliza. Niliogopa ukiingia mlangoni atakujua, na mimi nitarudi kuwa yule wa kuulizwa alikuwa wapi. Nilikuzuia usimwone mama yako kwa sababu ya wivu. Sina jina jingine la kuliita jambo hilo.

Ijumaa nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Akaniambia ninapaka vizuri, Tausi, lakini Kitinda alikuwa anapaka vizuri zaidi. Alikuwa anaanzia kisigino, akasema, na mikono yake haikuwa na haraka. Akaniuliza Kitinda amekosewa nini hata asirudi. Kama ni yale maneno makali aliyokuwa akimwambia, basi ni ya mdomoni tu, alikuwa anasema kwa kuwa yule ndiye aliyekuwa karibu wa kuambiwa. Akaanza kulia, dada. Ananililia mimi, na mimi nimeshika mguu wake. Nikamwambia mama, Kitinda ni mimi. Akanipigapiga mkono kama mtu anayemtuliza mtoto, akasema nisijali, ninajaribu tu kumfariji, lakini yeye anamjua mwanawe.

Miaka yote nilitaka kukosekana walau siku moja nione kama kuna atakayeniulizia. Sasa ananiulizia kila asubuhi, na siwezi kuitika.

Njoo. Usingoje mwaka ujao. Karani alisema mwezi ujao watapita tena kuhakiki baadhi ya nyumba, na nitamwomba afute niliyoyathibitisha, lakini si kwa ajili hiyo. Njoo jina lako likiwa bado kinywani mwake. Huenda ukiingia ataniuliza mgeni huyu ni nani. Zamani ningefurahi kusikia hivyo, sasa nikiliwaza hilo silali. Au huenda akituona wawili atatugawa upya, wewe akurudishe kwako na mimi anirudishe kwangu. Wivu haujaisha, nisikudanganye tena. Akikukumbatia wewe kwanza nitaumia. Lakini kikombe chako nimekiosha, nimekirudisha mahali pake.

Mshonaji anakusalimu, anaomba umpokee binti yake na umwonyeshe panapouzwa soksi nene. Wasalimie wazee wako, hasa yule bibi wa kwenye picha. Mwambie simchukii tena sana.

Mama naye anatuma salamu. Nilipomwambia ninaandika barua kwa ndugu yangu aliye mbali, alinisisitizia nimwandikie Kitinda kwamba hana kinyongo naye, arudi tu, hata mikono mitupu. Salamu hizo zimenifikia. Nakuomba uje unisaidie kuzijibu.

Ni mimi mdogo wako, niliyeko nyumbani,
Kitinda