Vidonge Vyangu na Kifua cha Shemeji

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinikaripie sana, maana binti yangu ameshanikaripia mpaka maneno yamemwishia.

Mimi ni fundi cherehani, mzee mjane, shule niliiacha pale hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi. Mwaka jana nilikohoa mpaka wateja wakawa wananitupia vitambaa mlangoni na kukimbia, nikapelekwa hospitali, wakasema saratani ya mapafu, nikaanza kuchagua suti ya kuzikwa nayo, kumbe zote dukani ni za watu. Lakini daktari, dada mmoja mwembamba, mkali kama sindano mpya, akaniambia, "Mzee, usife kwanza, tupime huo uvimbe." Wakachomoa kipande cha nyama kifuani, kikaenda maabara, majibu yakaja kwamba uvimbe wangu una hitilafu fulani kwenye vinasaba vyake, na kuna kidonge kinacholenga hitilafu hiyohiyo. Akasema, "Kwa majibu haya, natarajia kitakufaa." Mshauri, alibashiri kuliko wapiga ramli wote! Kikohozi kimekata, nakanyaga cherehani huku naimba, majirani wanatamani niugue tena wapate utulivu. Usoni nimetoka vipele kama kijana aliyebalehe jana, lakini kila asubuhi nikivuta pumzi ikafika chini kabisa, namshukuru Mungu, namshukuru yule dada, naishukuru hata mashine iliyosoma nyama yangu.

Sasa balaa. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, seremala, mwizi mkubwa wa kete za drafti, naye kapata saratani ya mapafu. Kapimwa kwa daktari yuleyule, majibu yakasema uvimbe wake hauna ile hitilafu, kidonge changu hakitarajiwi kumsaidia, aanze dawa ya dripu wiki ijayo. Akaja dukani amenuna.

"Yaani wewe upewe kidonge, mimi nitundikiwe chupa?"

"Uvimbe wako na wangu haufanani, shemeji."

"Mapafu si ya kuvutia hewa tu? Au yako yana mfuko wa ndani?"

"Sema unaogopa dripu."

"Naogopa nywele zitanyonyoka."

"Nywele zipi?"

Tukacheka, maana kipara chake unaweza kunyolea ndevu ukikitazama. Halafu akalia. Hata siku tunamzika dada yake hakulia. Basi mdomo wangu ukanitangulia, nikamwahidi tugawane vidonge vyangu nusu kwa nusu. Mimi nimeishi kwa kurekebisha, suruali ya baba nampunguzia mwana, koti likibana naachia mshono, nikaona kidonge nacho kitamkaa tu. Nimeshaanza kuvikata kwa mkasi, nusu nameza, nusu natia kwenye kopo la vifungo, na yeye katangaza dripu haendi, anasubiri kopo lijae. Binti yangu kalikuta, nyumba imewaka moto. Mshauri, nimerudishiwa uhai, nitamnyimaje ndugu yangu? Na nikikataa sasa, nitamtazamaje?

Fundi Mapengo

JIBU

Fundi Mapengo, shikamoo. Hiyo ni ya umri wako. Akili yako ya wiki hii siiamkii.

Nimefurahi mno kusikia unaimba. Na uchungu wako nauelewa: aliyepata nafuu hujiona kama mwizi mbele ya mgonjwa mwenzake. Hujaiba kitu, mzee wangu. Ila hicho unachotaka kumpa shemeji kitamchelewesha, na uvimbe haumsubiri mtu.

Kabla ya kukujibu nimemuuliza daktari wa saratani, kwa kuwa mimi si daktari na wewe ndiyo kabisa. Kidonge chako kinaiwinda ile hitilafu. Kwa shemeji haipo, kwa hiyo kitazurura mwilini, kimpe vipele na kuharisha, huku uvimbe unakua. Dripu ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi kwake. Na wewe unayemeza nusu, unaupa uvimbe wako mwanya wa kuamka. Mtaisha nyote wawili kwa ukarimu! Suruali unairekebisha kwa sababu mshono uko mikononi mwako. Wa kidonge hauko.

Tena usimfanye daktari mpiga ramli. Kipimo kinabashiri, hakiapi. Dawa iliyokukubali leo inaweza kuchoka, ndiyo maana unaitwa kupigwa picha za kifua. Uende, hata ukijisikia unaweza kubeba cherehani kichwani.

Leo hii mpigie daktari wako, mweleze ulichofanya bila kupamba, na ufuate atakachosema. Usijaribu kufidia kwa kumeza vile vipande, mpelekee daktari. Kisha nenda kwa shemeji kwa miguu yako, usimtume binti. Mwambie, "Nilikuahidi kitu kisichokufaa, nisamehe." Atanuna. Mwache anune. Akishamaliza, mwambie amuulize daktari kama ipo dawa nyingine inayolenga uvimbe wa aina yake, sasa au baadaye, maana kukosa kidonge chako si kukosa vyote.

Siku ya dripu, funga duka. Mfuate mlangoni kwake, mwende wote hospitali, ukae kiti cha pembeni mpaka chupa iishe. Akitapika, shika beseni. Akilia, nyamaza kabisa, safari hii usiahidi chochote.

Umeuliza utamtazamaje. Mtazame ukiwa umekaa pale. Pumzi za kukaa naye siku nzima unazo, na hizo gawa bila kuniuliza.